Nyoka wa milimani wana bei ughaibuni, nyumbani hata jina hawana

Kitu kisicho na jina ni rahisi kuibwa. Mwenyewe akienda kushtaki, atasema ameibiwa nini? Nimeanza na neno hilo kwa sababu leo nakusudia kuzungumza na walimu na wanafunzi kuhusu viumbe ambao wengi wetu hatupendi hata kusikia wakitajwa: nyoka, na hasa nyoka wa milimani. Ng'ambo wako watu wanaowatafuta kwa udi na uvumba na kuwalipia fedha si haba ili wawafuge majumbani. Huku kwetu, milimani walikozaliwa, tunachowapa ni jiwe na fimbo. Baina ya mapenzi ya kule na chuki ya huku, kiumbe anaangamia. Nami, nikiwa mwalimu wa isimu, nadai kwamba sehemu ya tatizo hili imo katika lugha, au tuseme katika namna tunavyoiacha lugha yetu ipungukiwe.

Tuanzie mbali ili mfano uonekane. Katika milima ya California, Arizona na kaskazini mwa Mexico wanaishi nyoka ambao wenyeji wa huko huwaita nyoka-wafalme wa milimani. Ni wembamba, na miili yao imezungukwa na pete nyekundu, nyeusi na nyeupe zinazong'aa kama shanga. Hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Wamepewa ufalme kwa sababu jamii yao hula nyoka wengine, hata wale wenye njuga mkiani, ambao sumu yao haiwafanyi kitu. Rangi zao hukaribiana na za nyoka marijani, ambaye ana sumu kali, na wataalamu wengi huamini kwamba mfanano huo ni ngao: adui akiona pete nyekundu hufikiri mara mbili.

Sasa tazama jambo linalomhusu mwalimu wa lugha. Watoto wengi wa Marekani hufundishwa kishairi kifupi cha kukariri, kinachotaja ni rangi ipi inapakana na ipi, ili wamtambue nyoka mwenye sumu na asiye nayo. Kishairi hicho kina mipaka yake. Ukivuka kwenda nchi za kusini mpangilio wa rangi hubadilika, na anayekitegemea anaweza kujiponza. Hata hivyo, kinatuonyesha kwamba jamii ile imetumia maneno machache ya mtoto kutenganisha kiumbe hatari na kiumbe mpole. Sisi je, tuna maneno gani?

Uzuri wa nyoka-mfalme umekuwa pia balaa lake. Watu wanaotaka kumfuga waliwahi kupanda milimani na mitaimbo, wakavunja na kupindua miamba yenye nyufa anamojificha. Nyoka akichukuliwa ni hasara ya nyoka mmoja. Mwamba ukipasuliwa ni hasara ya nyumba ya nyoka wengi, na mwamba hauoti tena kama mti. Serikali za majimbo zililazimika kuweka sheria za kuzuia ukamataji wa ovyo. Leo wengi wanaouzwa huzaliwa vizimbani, jambo lililopunguza mzigo kwa wale wa porini. Lakini kizimba nacho kina mlango. Katika kisiwa cha Gran Canaria, kilicho chini ya Uhispania, nyoka-mfalme wa California, ndugu wa karibu wa yule wa milimani, walitoroka au wakaachiliwa na wafugaji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamezaana na kuenea, nao wanawamaliza mijusi wakubwa wa kisiwa hicho, ambao hawakupata kuujua adui wa namna hiyo. Kwao ni mnyama wa mapambo. Kwa mjusi wa Gran Canaria ni mauti.

Turudi nyumbani. Kenya ina zaidi ya aina 120 za nyoka, na walio wengi hawana sumu inayoweza kumuua mtu. Miongoni mwao wako wachache ambao hawapatikani popote pengine duniani isipokuwa katika nyanda na milima yetu. Yuko nyoka mwenye vipembe juu ya macho anayeishi katika sehemu za juu za Bonde la Ufa, pande za Naivasha, Elementaita na Kijabe. Wanasayansi humwita Bitis worthingtoni, jina alilopewa mwaka 1932. Yuko mwingine, mweusi mwenye madoa ya manjano, anayeishi vichakani katika misitu ya Mlima Kenya karibu na Chuka na katika milima ya Nyambene. Huyu alielezwa kitaalamu mwaka 1968 na James Ashe, yule ambaye mwaka 1980 alianzisha kituo cha utafiti wa nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Wa tatu ni kijoka kisichotimiza nusu mita, kinachoishi kwenye nyasi za baridi za Nyandarua na Mlima Kenya, juu ya mita 2,700, ambako asubuhi barafu hufunika majani. Kinaitwa Montatheris hindii, na kimekuwa katika vitabu vya sayansi tangu mwaka 1910.

Hawa watatu wana sumu, na sishauri mtu awaguse. Lakini yafaa tuelewe kwa nini nyoka wa milimani ni rahisi kuangamia kuliko wa nyikani. Mlima ni kisiwa. Chini yake kuna joto, mashamba na barabara ambazo nyoka wa baridi hawezi kuzivuka kwenda mlima mwingine. Hali kadhalika, mahali pa baridi kiumbe hukua polepole. Wakikamatwa wachache katika bonde moja, hasa majike wenye mimba, hakuna wengine wa kuja kujaza pengo. Msitu ukifyekwa kwa ajili ya chai au makaa, mambo ni yaleyale.

Biashara hii si hadithi ya kutungwa. Nyoka wetu wenye pembe na wale wa vichakani walikuwa wakiuzwa kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na haikuwapo kanuni yoyote ya kimataifa ya kuwalinda. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg wa nchi wanachama wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, Kenya ilipendekeza aina hizo mbili zidhibitiwe, na pendekezo likakubaliwa. Tangu mwaka 2017 hawawezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Hapa nchini nayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka kila anayefuga mnyama wa porini awe na idhini. Anayedhani kwamba walanguzi hutamani pembe za ndovu tu, na akumbuke kesi ya mwaka 2025, ambapo vijana wawili kutoka Ubelgiji walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi kumi na miwili, kwa kupatikana na malkia wa chungu wapatao 5,000 waliofungwa ndani ya vichupa. Ikiwa chungu ana soko, nyoka mwenye pembe atakosaje?

Hapo ndipo ninapofikia hoja yangu. Nimetaja nyoka watatu wa nchi hii, na nimelazimika kuwataja kwa Kilatini. Mmoja amepewa jina la mtafiti Mwingereza aitwaye Worthington, wa pili la mtu aitwaye DeSaix, wa tatu la mtu aitwaye Hinde. Sina ugomvi na mabwana hao. Ndiyo desturi ya sayansi. Lakini fungua kamusi ya Kiswahili utafute jina mahususi la mmoja wao, utatoka mikono mitupu. Na hata kwa nyoka wenye majina, kamusi zetu aghalabu huishia kusema "aina ya nyoka", kana kwamba msomaji alidhani ni aina ya mkate.

Si kwamba Kiswahili ni maskini kwa asili yake. Watu wa pwani walikuwa na chatu, swila, fira na koboko. Nyoka mmoja mnene, mzito, anayelala njiani bila kukimbia, alipewa majina kadha: moma, kifutu, bafe. Nyoka mwembamba wa kijani wa mitini aliitwa ukukwi. Wingi huo wa majina haukuwa pambo. Nyoka anayeuma watu wengi hupata majina mengi, kwa kuwa mzazi lazima amwonye mtoto kwa neno lisilo na utata. Lugha iliyokuwa jirani na nyoka ilimchunguza nyoka.

Neno lenyewe "nyoka" ni la kale sana. Wakamba husema nzoka, Wanyarwanda husema inzoka, Wazulu inyoka. Wote tumelirithi kutoka kwa mababu wamoja. Waganda wamelihamisha: kwao enjoka ni minyoo ya tumboni, na nyoka wa nyasini ni omusota. Wazee wengi wa Kikuyu hawapendi kumtaja kwa jina lake. Husema "mnyama wa chini". Na Waluo wa Nyakach walimpa chatu mmoja jina la heshima kama mtu. Aliitwa Omieri. Alipoungua katika moto wa nyasi mwaka 1987 taifa zima lilifuatilia habari zake hadi alipokufa, na mwaka 2003 chatu mwingine alipoonekana huko wenyeji walifurahi wakisema amerudi. Nyoka mwenye jina aliuguzwa. Nyoka asiye na jina hupondwa kichwa, na maiti yake hutupwa barabarani magari yaipitie.

Si muda mrefu uliopita niliitwa kuzungumza na wanafunzi na walimu wao huko Mbotela, mtaa wa Eastlands karibu na Barabara ya Jogoo. Niliwapa wanafunzi dakika tano waandike majina yote ya nyoka wanayoyajua kwa Kiswahili. Karibu wote waliandika chatu. Baadhi waliongeza swila. Kisha wakaja "kobra" na "blakimamba", na wengi wakaandika "anakonda", nyoka wa mito ya Amerika Kusini ambaye hajapata kuikanyaga Afrika ila kwa njia ya filamu. Hapakuwa na moma hata mmoja, ilhali moma ndiye nyoka ambaye mtoto wa Kenya anapaswa kumjua kabla ya wengine wote. Nilipowaomba waandike kwa lugha za nyumbani kwao, wengi waliandika neno moja tu, lile lenye maana ya nyoka. Msichana mmoja, ambaye bibi yake anaishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, alikuwa na majina manne. Mojawapo, alisema, ni la nyoka mdogo ambaye bibi alimkataza kumuua kwa sababu hula konokono wa shambani. Na kweli, nyoka wa aina hiyo yuko katika nyanda zetu za juu; hana madhara kwa mtu, na chakula chake ni konokono. Bibi huyo hakuhitaji Kilatini kulijua hilo. Alikuwa na jina, na ndani ya jina palikuwa na elimu.

Sishangai kwamba watoto wa Mbotela hawayajui majina hayo. Wamezaliwa mjini, na mjini nyoka ni uvumi. Anapoonekana mmoja kwenye mtaro, mara nyingi huwa ni yule wa kahawia anayefuata panya, asiye na sumu kabisa, naye huuawa kwa shangwe na umati unaorudi kulala na panya wake. Lakini mtaa huo una jina lenye historia. Umeitwa kwa heshima ya Tom Mbotela, aliyeuawa hapa Nairobi mwaka 1952. Na ukoo huo huo ndio uliotupa marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025, ambaye tangu miaka ya 1960 alituuliza redioni swali ambalo kila Mkenya wa rika langu analijua: Je, huu ni ungwana? Nimelitamani swali hilo kila ninapoona video za vijana wakimtesa nyoka asiye na meno ya sumu ili watu wacheke.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: daktari, watu wanakufa kwa kuumwa na nyoka, nawe unatuletea habari za kuwahifadhi? Hoja hiyo ni nzito na siibezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliyaweka majeraha hayo katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa. Wengi wa wanaokufa ni wakulima, wachungaji na watoto. Lakini maafa hayo ndiyo yanayoipa hoja yangu nguvu. Mgonjwa akifikishwa hospitalini, maelezo ya nyoka aliyemuuma humsaidia tabibu kujua dalili za kutazamia, kwa maana sumu ya moma huozesha nyama na sumu ya koboko hupooza pumzi. Anayesema tu "ni nyoka" hajasaidia kitu. Kwa hivyo mwalimu anayefundisha majina anafundisha huduma ya kwanza. Na aongeze haya: aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja, jeraha lisikatwe kwa wembe, lisinyonywe, lisifungwe kamba ya kukaza, wala nyoka asifuatwe ili akamatwe.

Wa pili atasema: Wazungu wanafuga nyoka na kuwapenda, nasi tuanze kuwafuga basi, tuuze tujikimu. Namjibu kwamba kuna tofauti kati ya nyoka aliyezaliwa kizimbani kwa vizazi vingi na yule aliyetolewa mlimani jana. Nyoka wa baridi akiwekwa ndani ya sanduku katika chumba cha mabati hawezi kuishi vyema. Atakataa chakula na kudhoofika polepole, kwa kuwa nyoka hana sauti ya kulia. Ufugaji wa halali unahitaji leseni, ujuzi, na dawa ya sumu karibu. Kijana anayemkamata nyoka mwenye pembe huko Naivasha amuuzie mgeni hajafungua biashara; amebeba hatari ya kuumwa na ya kufungwa, na faida kubwa itabaki mikononi mwa mtu mwingine, ng'ambo.

Wa tatu, ambaye huenda ni mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, atanikumbusha methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Naiheshimu methali hiyo, kwa kuwa inazungumzia tabia za watu. Ila ikifanywa kanuni ya elimu ya viumbe, inapotosha. Katika nyanda zetu za juu yuko nyoka anayekula mayai ya ndege, karibu hana meno kabisa, na kinga yake ni kujifanya moma: hujikunja, husugua magamba yake yakatoa sauti ya kutisha, kisha hushambulia kwa kinywa kitupu. Huyu ni nyoka, na mtoto wake ni nyoka, na wote wawili hawawezi kukuua hata wakitaka. Methali inatufundisha kuogopa kwa jumla. Shule ingetufundisha kuogopa kwa kipimo.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo matatu, na yote hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wafanye miradi. Basi kila mwanafunzi anayekwenda mashambani wakati wa likizo na apewe kazi ya kukusanya majina ya nyoka kutoka kwa babu na bibi. Aandike jina, lugha, mahali, rangi, makao, chakula, na yale wazee wanayosema kuhusu sumu yake. Asimkamate nyoka wala asimkaribie. Anachowinda ni neno. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha wakae pamoja wachambue daftari hizo. Nawahakikishia kwamba katika muda wa miaka michache tutakuwa na hazina ambayo vyuo vikuu vitaionea wivu.

Pili, wanafunzi wa Nairobi wapelekwe kwenye Bustani ya Nyoka iliyo kando ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1961. Mtoto wa Mbotela anaweza kufika huko kwa matatu mbili. Atamwona moma nyuma ya kioo, atamlinganisha na chatu na swila, na hofu yake itapata umbo. Hofu yenye umbo humlinda mwenye nayo. Isiyo na umbo humfanya arushe mawe gizani.

Tatu, wanaotunga kamusi na vitabu vya kiada waache kuandika "aina ya nyoka" na kutulia. Watueleze ni nyoka gani, anakaa wapi, ana sumu au hana. Na wale wasio na majina wapewe, baada ya kuwasikiliza kwanza wenyeji wa mahali wanapoishi. Mimi ningeanza na yule wa Bonde la Ufa. Maadamu wanasayansi wamemweka katika jamii moja na moma, tunaweza kumwita moma-pembe. Yule mdogo wa nyasi za baridi aitwe moma wa Nyandarua, na wa Chuka na Nyambene tungoje Wameru na Wachuka watuambie wao humwitaje. Kama kuna msomaji mwenye jina bora zaidi, na alitoe. Hiyo ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Lugha haiwezi peke yake kumzuia mlanguzi mwenye sanduku uwanjani wa ndege. Hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori na mahakama. Lakini ofisa anayekagua sanduku hilo alikuwa mwanafunzi wa mtu, vivyo hivyo mkulima wa Kijabe anayeulizwa na mgeni kama amewahi kumwona nyoka mwenye pembe, na kijana wa Mbotela anayeinua jiwe mtaroni. Kila mmoja wao atatenda kulingana na neno alilofundishwa. Muhula ujao, mwalimu, ukifika kwenye somo la viumbe, usiandike ubaoni "nyoka" ukaishia hapo. Andika moma, andika swila, andika koboko, andika ukukwi, kisha uwaulize wanafunzi wako nyumbani kwao wanaongeza yupi.